Kuvuna kwa Leseni, Kuhamisha, Kuweka Vifaa au Kupiga Marufuku: Ulinganisho wa Njia za Kusimamia Wanyama wa Manyoya Marekani na Kanada

Biva, mgugunaji mkubwa wa majini anayejenga matuta ya kuzuia maji, akiziba kalavati kwa matawi na tope, barabara huweza kufunikwa na maji ndani ya siku chache, na kikao cha wakazi kinachoitishwa baada ya hapo huwa kimegawanyika kabla hata mwenyekiti hajakifungua. Upande mmoja unataka mtegaji aitwe mara moja, na upande wa pili unakumbusha kwamba mnyama huyo alikuwapo kabla ya barabara. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya walio katikati: mwenye ardhi anayetakiwa kuamua, mjumbe wa kamati ya mji, mpiga kura aliyewekewa swali la marufuku ya mitego, na mwalimu ambaye hana budi kulieleza jambo hili darasani bila kuegemea upande.

Wanyama wanaozungumziwa ni wale ambao ngozi zao zimeuzwa kwa karne nyingi kwa sababu ya manyoya: biva, maskrati (mgugunaji mdogo wa majini), fisi-maji, rakuni (mnyama wa usiku mwenye baka jeusi usoni), mbweha, koyote (wa jamii ya mbwa), bobkati (aina ya paka-mwitu) na wenzao. Nitamtumia biva kuwa mfano mkuu, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kubadilisha sura ya ardhi ya jirani yako ndani ya msimu mmoja. Ufugaji wa minki, mnyama mdogo wa manyoya, vizimbani ni biashara nyingine yenye sheria zake na mabishano yake, nao hauingii katika ulinganisho huu, ingawa wasikilizaji wengi huchanganya mambo hayo mawili.

Historia inaeleza kwa nini mjadala huu una joto. Kampuni ya Hudson's Bay ilipewa hati yake ya kifalme mwaka 1670, na kwa muda mrefu baadaye manyoya laini ya ndani ya biva yaligandamizwa kuwa kitambaa cha kofia huko Ulaya. Kabla ya ukoloni, biva wa Amerika Kaskazini wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 60 na milioni 400. Kufikia mwaka 1900 walikuwa wametoweka katika maeneo mengi. Waliwindwa bila msimu, bila idadi ya mwisho na bila mtu wa kuhesabu. Kurudi kwao, hadi makadirio ya leo ya milioni 10 hadi 15, kulitokana na misimu kufungwa, wanyama kurejeshwa mitoni na sheria kutungwa. Basi anayesema kwamba utegaji uliwamaliza biva anasema kweli, na anayesema kwamba utegaji wa leo si ule wa zamani naye anasema kweli.

Vigezo vya kulinganisha

Njia nne zitapimwa kwa vigezo vilevile. Cha kwanza ni athari kwa idadi ya wanyama katika eneo zima, si kwa mnyama mmoja aliyeonekana. Cha pili ni ustawi wa mnyama, yaani kiasi cha maumivu na hofu anayopitia, pamoja na hatari kwa wanyama wasiokusudiwa. Cha tatu ni sheria na vibali. Cha nne ni gharama na kazi, pamoja na swali la nani anazibeba. Cha tano, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachosahaulika zaidi, ni udumu: mwaka ujao na mwaka unaofuata, nani atakuwa pale? Kila njia kati ya hizi nne inamtaka mtu wa kurudi, na inaposhindwa, mara nyingi ni kwa sababu mtu huyo hakupatikana.

Kabla ya kupima lolote, msomaji ajiulize kama tatizo lake ni maji mahali fulani au ni wingi wa wanyama katika eneo kubwa. Kalavati moja lililozibwa ni tatizo la maji. Maelfu ya hekta za kinamasi zinazoliwa hadi mizizi ni tatizo la wingi. Dawa ya jambo moja haitibu la pili.

Njia ya kwanza: uvunaji unaodhibitiwa

Idadi ya wanyama. Uvunaji wa leseni umesimama juu ya hoja kwamba kila mwaka huzaliwa wanyama wengi kuliko wale ambao makazi yao yanaweza kuwapitisha salama katika majira ya baridi, na kwamba sehemu ya ziada hiyo inaweza kuchukuliwa bila idadi ya jumla kushuka. Hoja hiyo ina nguvu kwa maskrati na rakuni, ambao huzaa kwa wingi. Kwa wanyama wanaozaa polepole, kama fisi-maji na hasa walverini, mla nyama wa nchi za baridi za kaskazini, nafasi ya kukosea ni ndogo, na walverini alipewa hadhi ya mnyama anayetishiwa kutoweka katika majimbo 48 ya Marekani mwaka 2023.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Missouri. Fisi-maji walikuwa karibu wamekwisha katika jimbo hilo, na kati ya mwaka 1982 na 1992 idara ya uhifadhi ya jimbo iliachilia fisi-maji 845 katika mito yake. Wanyama hao walitoka Louisiana, ambako walikamatwa na wategaji kwa mitego ya kushika mguu, mitego ileile ambayo wapinzani wa utegaji wanataka ipigwe marufuku. Waliongezeka kupita matarajio, wenye mabwawa ya samaki wakaanza kulalamika, na mwaka 1996 msimu wa kuwategea ukafunguliwa. Anayeunga mkono utegaji huona hapo ushahidi wa uhifadhi uliofaulu. Anayepinga huuliza kwa nini mnyama arudishwe kwa gharama yote hiyo ili baadaye auzwe ngozi. Maswali yote mawili ni halali, na mwalimu atafanya vyema kuyaweka mezani kwa pamoja.

Mfano wa pili ni wa nutria, mgugunaji kutoka Amerika Kusini aliyeletwa Louisiana katika miaka ya 1930 kwa ajili ya manyoya. Soko la manyoya lilipoporomoka, wategaji wakaacha kazi, na nutria wakaendelea kula mimea inayoshikilia udongo wa vinamasi vya pwani. Tangu mwaka 2002 jimbo humlipa mvunaji kwa kila mkia anaouwasilisha: lilianza na dola 4, likapanda hadi 5, na sasa ni dola 6, kwa lengo la kuondoa nutria hadi 400,000 kwa mwaka. Hapa haivunwi ziada. Anapunguzwa mnyama mgeni anayeharibu makazi ya wenyeji, na ni vigumu kuona njia isiyo ya kuua inayoweza kufanya kazi kwa ukubwa huo.

Ustawi wa mnyama. Mitego inayotumika sana ni ya aina tatu: wa kushika mguu, ambao humzuia mnyama akiwa hai, wa kubana mwili, ambao umekusudiwa kumuua upesi, na wa kizimba. Mwaka 1997 Kanada na Urusi zilikubaliana na Umoja wa Ulaya kuhusu viwango vya kimataifa vya utegaji, na Marekani ikatia saini makubaliano yanayofanana na hayo. Kwa viwango hivyo, mtego wa kumuua biva hukubalika ikiwa angalau asilimia 80 ya wanyama waliojaribiwa walipoteza fahamu ndani ya sekunde 300. Dakika tano ni hatua kubwa ikilinganishwa na mitego ya zamani. Bado ni dakika tano, na anayeielezea jamii njia hii aitaje namba hiyo bila kuificha.

Ustadi wa mtegaji hubadilisha mengi. Mtego wa kubana mwili unaowekwa chini ya maji kwenye njia ya biva una nyaya mbili za kuufyatulia. Mtegaji mzoefu huzisogeza upande mmoja, si katikati, ili fisi-maji mwembamba apite bila kuzigusa ilhali biva, aliye mpana, hawezi kupita bila kuzisukuma. Katika mtego wa kushika mguu, kibao cha kukanyagwa hukazwa ili mnyama mwepesi asiufyatue, na mnyororo huwekewa kiungo kinachozunguka ili mguu usisokotwe. Hata hivyo mbwa wa kufugwa hunaswa, na kila tukio la namna hiyo huchafua jina la kazi nzima.

Sheria. Mtegaji anahitaji leseni, na katika majimbo mengi lazima kwanza apite mafunzo. Msimu huwekwa zaidi majira ya baridi, wakati manyoya yamekomaa na watoto hawanyonyi tena. Majimbo mengi hudai mtego ukaguliwe kila baada ya saa 24, ingawa mengine huruhusu muda mrefu zaidi, hasa kwa mitego ya majini inayoua. Ngozi za bobkati na fisi-maji huhitaji lebo maalumu kabla ya kusafirishwa nje ya nchi, kwa kuwa wanyama hao wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Huko Kanada, mkoa wa British Columbia hutumia mfumo wa maeneo ya utegaji yaliyosajiliwa, ambapo mtegaji mmoja hupewa eneo lake na hivyo huwa na sababu ya kutolimaliza. Huko kaskazini mwa Quebec, makubaliano ya mwaka 1975 yaliwahakikishia Wakrii, wenyeji wa asili wa huko, haki za pekee za kuwategea wanyama wa manyoya. Anayejadili marufuku akizisahau haki hizi anajadili nusu ya jambo.

Gharama na kazi. Ndani ya msimu, mtegaji anaweza kuja bila malipo kwa kuwa ngozi ni yake. Ahadi hiyo imepungua nguvu kadiri bei ya ngozi ilivyoshuka na wategaji wenye umri mkubwa walivyostaafu bila warithi. Nje ya msimu, mwenye ardhi hulipa mtaalamu wa kuondoa wanyama wasumbufu. Ada za leseni huingia katika idara za wanyamapori za majimbo, ambazo pia hupokea fedha za sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, zinazotokana na kodi ya bunduki na risasi.

Udumu. Biva mchanga huondoka kwa wazazi akiwa na umri wa miaka miwili hivi na kwenda kutafuta mkondo wake. Akikuta bwawa zuri lisilo na wenyewe, hukaa. Kwa hiyo kuondoa familia moja mahali penye maji na miti mingi huleta nafuu ya mwaka mmoja au miwili, kisha kazi huanza upya.

Inawafaa maeneo yenye wanyama wengi waliohesabiwa, idara yenye uwezo wa kusimamia, na wategaji wa kutosha. Pia wenye ardhi ambao hawawezi kuvumilia bwawa hata dogo.

Njia ya pili: kukamata na kuhamisha

Njia hii huvutia huruma ya wengi, na kwa sababu hiyo huchaguliwa bila kuchunguzwa.

Idadi ya wanyama. Kuhamisha hakupunguzi wala kuongeza idadi, hubadilisha mahali. Faida yake halisi iko kule wanyama wanakopelekwa, ikiwa kuna mito iliyokauka ambayo biva angeweza kuirudishia unyevu. Mwaka 1948 idara ya wanyamapori ya Idaho iliwachukua biva waliokuwa wakisumbua watu na kuwashusha kwa parachuti, ndani ya masanduku ya mbao yanayojifungua chini, katika nyika isiyo na barabara. Kati ya biva 76 alikufa mmoja tu. Katika miaka ya karibuni wazo lilelile limerudi kwa njia tulivu zaidi: mradi wa bonde la Methow katika jimbo la Washington ulianza mwaka 2008, na California ilianza tena kuwaachilia biva mwaka 2023, katika wilaya ya Plumas, kwa kushirikiana na Wamaidu, wenyeji wa asili wa eneo hilo.

Ustawi wa mnyama. Kuachiliwa hai si sawa na kuishi. Biva aliyetupwa katika mkondo mgeni hana nyumba, hana kina cha kuzamia, na huwindwa na dubu, puma au mbwa-mwitu katika siku za mwanzo. Akihamishwa mwishoni mwa vuli hana muda wa kurundika matawi ya chakula cha majira ya baridi. Waliopeleka familia nzima kwa pamoja, mwishoni mwa majira ya joto, wamepata matokeo bora kuliko waliohamisha mnyama mmojammoja.

Sheria. Majimbo mengi humkataza mwananchi kuhamisha mnyamapori bila kibali, na sababu ni nzito. Mwishoni mwa miaka ya 1970 rakuni waliosafirishwa kutoka kusini-mashariki mwa Marekani kwa ajili ya uwindaji walipeleka kichaa cha mbwa katika mpaka wa Virginia na West Virginia, na ugonjwa huo ukaenea pwani yote ya mashariki. Kwa rakuni, basi, njia hii ni bora ifutwe kabisa katika orodha ya mwananchi wa kawaida.

Gharama na kazi ni kubwa: mitego ya kizimba, watu wa kuikagua, mahali pa kuwatunza wanyama hadi familia ikamilike, uchunguzi wa afya, na ufuatiliaji. Mara nyingi mzigo huu hubebwa na mradi wa umma au shirika, si mwenye kalavati.

Udumu. Mahali walipotolewa ni kama baada ya kutega: wengine watakuja.

Inawafaa wale walio katika jimbo lenye mpango rasmi na mto unaowahitaji biva. Pasipo na kimojawapo, hakuna njia hapa, kuna nia njema tu.

Njia ya tatu: kuishi naye kwa msaada wa vifaa

Idadi ya wanyama. Familia iliyopo hubaki, na kwa kuwa biva hulinda eneo lao, huwazuia wengine kuhamia. Ardhioevu waliyoitengeneza huendelea kuhifadhi maji, kulea samaki na ndege, na kubaki na ubichi pale moto wa nyika unapopita.

Ustawi wa mnyama. Hakuna anayekufa wala kunaswa, na hakuna mtego unaoweza kumdhuru mbwa wa jirani. Katika kigezo hiki njia hii iko mbele bila ubishi.

Jinsi inavyofanya kazi inastahili maelezo, kwa sababu wengi walioikataa waliona toleo bovu. Biva huvutwa na sauti na mwendo wa maji yanayovuja. Katika majaribio ya mtafiti wa Uswidi, Lars Wilsson, biva walirundika vitu juu ya spika iliyokuwa ikitoa sauti ya maji yanayotiririka ingawa hapakuwa na maji. Kwa hiyo kulibomoa tuta kwa koleo ni kumwita aje afanye kazi usiku. Kifaa cha kudhibiti kina hufanya kinyume: bomba lenye kipenyo cha sentimita 30 au zaidi hupitishwa katikati ya tuta, na mdomo wake wa kuingizia maji huwekwa mbali ndani ya bwawa, ndani ya kizimba cha waya wenye matundu. Maji huingia polepole pande zote, biva hasikii mvujo wala hawezi kulifikia bomba, na bwawa hubaki katika kina ambacho mwenye ardhi amekichagua. Kwa kalavati, hujengwa uzio mpana wenye umbo la pembe kuelekea juu ya mkondo, unaomlazimisha biva kujenga mbali na mdomo. Mti wa thamani huzungushiwa waya wa matundu uliosimama mbali kidogo na shina, wenye kimo cha zaidi ya mita moja, na mahali penye theluji kimo hicho huongezwa, kwa sababu biva husimama juu ya theluji na kulifikia shina la juu.

Sheria. Kazi yoyote ndani ya mkondo au ardhioevu huweza kuhitaji kibali cha mamlaka ya maji au mazingira, na penye samaki wanaopanda mto kuzaa lazima kifaa kiwe na njia ya kuwapitisha.

Gharama na kazi. Gharama kubwa huja mwanzoni, kisha hushuka. Mwenye ardhi au mji hubeba zote, tofauti na mtegaji anayelipwa na ngozi.

Udumu. Kifaa kilichojengwa vizuri hudumu miaka mingi, kwa sharti la kusafishwa. Majani na vijiti vikiachwa vizibe waya, maji hupanda, na watu husema kifaa kimeshindwa. Palipo na mteremko mkali, maji yenye kina kidogo mno, au ardhi tambarare ambayo hata nusu mita ya maji hufikia tangi la maji taka, kifaa hakitoshi.

Inawafaa wenye tatizo la maji mahali maalumu, wanaoweza kuvumilia bwawa dogo, na walio na mtu aliyeandikwa jina kuwa msafishaji.

Njia ya nne: kupiga marufuku na kuacha

Idadi ya wanyama. Kwa mnyama adimu, kufunga msimu ni lazima. Bila hivyo biva wenyewe wasingerudi. Kwa mnyama aliye wengi, matokeo hutegemea mahali. Massachusetts ilipiga kura mwaka 1996 na kuzuia mitego mingi ya kushika na kubana mwili. Kwa makadirio ya idara ya wanyamapori ya jimbo hilo, biva walipanda kutoka takriban 24,000 hadi karibu 70,000 ndani ya miaka michache. Malalamiko ya visima na barabara yaliongezeka, na mwaka 2000 bunge la jimbo likaruhusu bodi za afya za miji kutoa vibali vya dharura vya siku 10. Watetezi wa sheria ile hujibu kwamba biva walikuwa wakiongezeka tayari na kwamba vifaa vya maji vimetatua sehemu kubwa ya matatizo. Ninaona kwamba pande zote mbili zinaeleza mji uleule kwa kuchagua kalavati tofauti.

Ustawi wa mnyama. Marufuku huondoa maumivu ya mitego ya kibiashara, na hili si dogo. Lakini biva anayeuawa kwa kibali cha dharura wakati wa kuzaa, ngozi isitumike na nyama itupwe, hajafaidika na marufuku.

Sheria. Majimbo yametofautiana sana. Colorado ilizuia mitego mingi mwaka 1996, lakini mwaka 2024 wapiga kura wake walikataa pendekezo la kupiga marufuku uwindaji na utegaji wa puma, bobkati na linksi (paka-mwitu wa jamii ya bobkati). Montana ilikataa mwaka 2016 kuzuia mitego katika ardhi ya umma. California, kwa upande wake, ilikuwa jimbo la kwanza kuharamisha utegaji wa manyoya wa kibiashara, mwaka 2019.

Gharama na kazi. Gharama hazipotei, hutoka kwa mtegaji na kwenda kwa mji, kampuni ya reli na mwenye kisima. Idara pia hupoteza chanzo cha taarifa, kwa kuwa meno na ngozi zinazowasilishwa na wategaji huonyesha umri na hali ya wanyama, na taarifa hiyo lazima itafutwe kwa njia nyingine yenye bajeti yake.

Udumu. Sheria hudumu kuliko bomba, ila hubadilishwa kwa marekebisho pale dharura zinapozidi.

Inawafaa jamii ambayo thamani zake ziko wazi, ambayo imekubali kulipia vifaa, na ambayo mnyama anayehusika ni adimu au hana mgogoro mkubwa na watu.

Uchaguzi kwa hali ilivyo

Kama maji yanapanda leo na yanatishia kisima, tangi la maji taka au reli, piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo au bodi ya afya kuhusu kibali cha dharura, na usilibomoe tuta mwenyewe: maji yanayoachiliwa ghafla humfikia jirani wa chini, na katika majimbo mengi kulivunja bila kibali ni kosa. Baada ya dharura kupita, fikiria kifaa, maana mahali hapo patavutia biva wengine.

Kama ni kalavati lilelile kila mwaka, linganisha bili za miaka kadhaa za kulizibua na kutega na bei ya uzio mmoja pamoja na usafi wake. Mara nyingi uzio hushinda katika hesabu hiyo, lakini pale ambapo mji hauna mfanyakazi wa kuusafisha, mtegaji wa kila msimu anaweza kuwa jibu la kweli zaidi.

Kama wewe ni mkulima mwenye mashamba tambarare ambayo hayavumilii maji, zungumza na mtegaji mwenye leseni kabla ya msimu kufunguliwa, si baada ya maji kupanda. Mwulize mitego gani atatumia, ataikagua mara ngapi, na atafanya nini kuhusu fisi-maji na mbwa. Asiyeweza kujibu maswali hayo asipewe ruhusa ya kuingia.

Kama tatizo ni mnyama mgeni kama nutria katika eneo kubwa, kuhamisha na vifaa havina nafasi ya maana. Swali linalobaki ni namna ya kuvuna kwa ustadi na kwa malipo yanayowavuta wavunaji.

Kama unamiliki ardhi kavu yenye kijito kilichochimbika na kushuka, na jimbo lako lina mpango wa kuhamisha biva, jiandikishe kuwa mpokeaji. Chunguza kwanza majirani wa chini na kama kuna mierebi au miti mingine ya kuwalisha.

Kama unafundisha, leta vitu: ngozi, mtego uliofungwa usalama, kipande cha waya wa kuzungushia mti, na nakala ya kanuni za msimu za jimbo lako. Waache wanafunzi waandike hoja za mtegaji, mwenye shamba, mtetezi wa wanyama na mzee wa Wakrii, kila mmoja kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyakubali.

Na kama karatasi ya kura iko mbele yako, soma vifungu vya mwisho kwanza: nani anaruhusiwa kutoa kibali cha dharura na kwa siku ngapi, mitego ya aina gani imebaki halali, haki za wenyeji wa asili zimewekwa wapi, na fedha za vifaa na za kuhesabu wanyama zitatoka katika mfuko gani.